Chumvi ni Adui wa Ukuta

Mume wangu haombi radhi. Hukarabati. Katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa sijawahi kusikia neno samahani likitoka kinywani mwake, lakini nimewahi kuamka asubuhi nikakuta mlango wa kabati uliokuwa ukilia umenyamaza, na hapo nikajua ya jana yamekwisha. Mwaka tuliogombana kuliko miaka yote, nyumba yetu haikuwa na hata bawaba moja yenye kelele.

Ni fundi lipu. Wenzake kazini wanamwita Timazi, kwa sababu ya ile kamba yenye uzito mwishoni ambayo mafundi huining'iniza kuona kama ukuta umesimama wima, na kwa sababu yeye mwenyewe haihitaji. Akiingia nyumba ya mtu, kabla hajasalimia ameshaiona kona iliyopinda. Atasalimia, atakaa, atakunywa chai, na muda wote macho yatakuwa kwenye ile kona. Kuna nyumba za ndugu ambako hatualikwi tena kwa ajili hiyo.

Mimi nashona mapazia. Cherehani yangu iko chumba cha mbele, kando ya dirisha, na vitambaa vimejaa mpaka chini ya kochi. Watu hututania kwamba kazi zetu ni moja: yeye anafunika matofali, mimi nafunika madirisha. Zamani nilikuwa nacheka.

Tuna mtoto mmoja, binti, ambaye kazi yake ni kupima watu macho katika zahanati iliyo upande wa pili wa mji. Baba yake humwita mama, kama akina baba wengi wanavyowaita binti zao. Alipokuwa mdogo, shule zikifungwa, alimfuata baba yake kazini, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kutwa nzima akitazama ukuta unavyopigwa lipu. Jioni alirudi nyumbani akanisimulia ukuta huo, mwanzo mpaka mwisho, na ilinibidi nisikilize.

Basi akakua, akapata kazi, akahamia kwake, na miaka miwili iliyopita akaacha kula nyama. Akaacha na samaki, na mayai, na maziwa, na hata asali, ambayo mpaka leo sijaelewa nyuki walimlalamikia nani. Tulimuuliza kwa nini. Akasema amefikiri sana na ameamua. Baba yake akasema, "Sawa," kwa sauti ile ile anayoitumia akimwona fundi mwingine anazidisha maji kwenye saruji.

Siku mume wangu alipotimiza miaka sitini, binti alikuja kutupikia. Alipika chakula cha Kijapani kinachoitwa okonomiyaki. Ni mkate mnene wa kikaangoni, kabichi nyingi na unga kidogo, ukipakwa juu sosi nyeusi na mayonezi. Wajapani wenyewe, alisema, huutia mayai, na nyama, na samaki mkavu aliyeparuzwa. Yeye alikuwa amepata namna ya kuupika bila hata kimoja cha hivyo, mpaka mayonezi alikuwa ameitengeneza mwenyewe kwa maziwa ya soya. Alikuwa na furaha. Alituambia kwamba maana ya jina lile ni kama kusema, choma upendavyo.

"Kama ni nipendavyo mimi," baba yake akasema, "nyama iko wapi?"

Kisha akakata kipande, akakiinua kwa uma, na kipande kikameguka kikaanguka mezani. Akautazama uma uliobaki mtupu.

"Hii hata ukutani haishiki," akasema.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alicheka mpaka akashika meza. Tukacheka sote. Binti akamaliza chakula chake, akaosha vyombo vyote, akavifuta, akavipanga kabatini kila kimoja mahali pake, akaaga. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyumbani kwetu.

Si kwamba alitutupa. Kila Ijumaa alinipigia simu, tukaongea kuhusu afya, na kazi, na mvua. Nikimwambia aje, kazi ilikuwa imembana. Ilimbana miaka miwili. Nami nikamlaumu mume wangu. Nilimlaumu kwa maneno, nikamlaumu kwa kununa, na nikamlaumu kwa kutua sahani mezani kwa kishindo. Yeye akakarabati. Alianza na bomba la jikoni, akaenda kwenye dari, kisha akabomoa na kupiga lipu upya ukuta wa uani ambao haukuwa na kosa lolote. Jirani yetu akapita, na kwa kuwa kila jirani huona ana wajibu wa kumkumbusha fundi lipu methali hiyo, akasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Au siyo, fundi?"

Mume wangu anaichukia sana methali hiyo.

"Ukiziba ufa hujajua umetokea wapi," akamjibu, "mwakani utauziba tena."

Jirani akaenda zake. Mimi nilikuwa pale pale naanua nguo, nikaona amesema neno la maana, na sikuona kabisa kwamba linanihusu.

Mwezi uliopita futi yangu ya kupimia ilipotea. Nikafungua mkoba wake wa vifaa ili niazime ya kwake. Katikati ya pimamaji na miiko, nikakuta karatasi imewekwa ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowe. Ulikuwa mwandiko wa binti yetu. Yalikuwa maelezo ya kupika mkate ule, aliyoyabandika kwenye jokofu siku ile ili ayafuate, na ambayo mimi nilidhani yalikwenda na takataka. Pembeni, kwa penseli ya mafundi, mume wangu alikuwa ameandika vipimo vyake, na dakika, na chini kabisa swali moja: Kwa nini unabomoka?

Nikairudisha nilipoitoa. Siku ya tatu yake, tukiwa tunakula, akazungumza na ukuta uliokuwa mbele yake.

"Mwambie mtoto aje Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mwambie nitapika mimi."

Nikampigia binti. Kwanza alidhani baba yake anaumwa.

"Haumwi," nikamwambia. "Anapika."

"Anapika nini?"

"Njoo uone."

Akasema, "Nitakuja, mama. Lakini nikikuta mambo ni yale yale, sitakuja tena. Nakuambia mapema ili siku hiyo usiwe ugomvi."

Aliyasema hayo taratibu, nadhani kama anavyowaambia wagonjwa wasome herufi za mstari wa chini. Mwanangu hatishi watu. Akishasema jambo, amelipima. Nikakaa na simu mkononi, na niliogopa. Sina sababu ya kulizunguka hilo. Niliogopa kwamba Jumapili moja ndiyo imebaki kati yangu na mtoto wangu, na Jumapili hiyo iko mikononi mwa mtu asiyeweza kukaanga kitunguu bila kukipanga mstari.

Mazoezi yakaanza. Jambo la kwanza alilofanya mume wangu jikoni ni kuweka pimamaji juu ya jiko. Akagundua kwamba jiko limelalia kushoto, na kwamba mimi nimepika miaka kumi na minne kwenye mteremko bila kusema. Akakunja vipande vya boksi akavipachika chini ya miguu miwili ya jiko. Jambo la pili, aliyatoa mayai yote yaliyokuwa kwenye jokofu, na maziwa, akampelekea jirani, ili jikoni kusiwe na vishawishi. Jambo la tatu, alitoa mwiko mpya. Ulikuwa mwiko wa lipu, mpana, unang'aa, haujawahi kugusa saruji. Alikuwa ameutunza miaka mingi kwenye kitambaa, akisubiri kazi itakayoustahili.

Karatasi ilisema kwamba badala ya mayai hukunwa kiazi kikuu, kwa kuwa ute wake ndio unaoshikisha kabichi na unga. Nilijitolea kumkunia. Nilikuna kipande kidogo tu, mikono ikaniwasha mpaka viwikoni. Yeye, ambaye mikono yake imeishi na saruji na chokaa miaka arobaini, akakuna kiazi kizima, akageuka kuniuliza najikuna nini.

Kisha hukoroga. Unga, maji yaliyolowekewa uyoga mkavu, ule ute wa kiazi, na hamira ya unga kidogo. Kisha kabichi iliyokatwa nyembamba, na majani ya vitunguu yaliyomo kwenye makopo uani. Mpaka hapo alifanya kila kitu sawasawa na alivyoelekezwa. Tatizo lilikuwa likianza mchanganyiko ukishafika kikaangoni. Mume wangu hawezi kuona kitu kina mabonde akakiacha. Akishamimina, huchukua mwiko wake mpya akausawazisha ule mkate, akaubonyeza, akaukandamiza pembeni, akaupitia tena mpaka juu pakateleza. Halafu hugeuza mapema kwa hamu ya kusawazisha na upande wa pili. Sidhani kama kumewahi kupikwa mkate ulionyooka kama ule, na kila aliougeuza ulivunjika kama kigae.

Tulikula vifusi wiki mbili.

Na kulikuwa na suala la chumvi. Kwa fundi lipu, chumvi ni adui wa ukuta. Ukipiga lipu kwa mchanga wenye chumvi, ukuta utapendeza mwaka mmoja, kisha utatoa unga mweupe, utavimba, utabambuka. Mume wangu amebambua kuta nyingi za watu kwa sababu ya chumvi, na amebeba uadui huo mpaka jikoni. Karatasi ilisema kijiko kimoja kidogo. Aliona ni kosa la mwandiko. Huchota chembe kwa ncha za vidole, huzitazama, na huzirudisha baadhi koponi. Kwa hiyo alipogeuka kunawa mikono, mimi nilitia chumvi. Hilo halikuwa jambo geni. Nimekuwa nikifanya hivyo kwa kila alichopika tangu tuoane, na yeye anaamini ana mkono mzuri.

Wiki ya mwisho, Jumatano, mkate wa kumi na moja ulivunjika vipande vitano. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, mwiko magotini, akavitazama vile vipande muda mrefu, na nilimhurumia mtu yule. Ndipo nikakumbuka mayai mawili.

Nilikuwa nimeyabakiza siku ile alipompelekea jirani. Niliyaficha kwenye sanduku la nyuzi, katikati ya madonge ya uzi wa rangi ya maziwa. Sikuwa na nia yoyote wakati ule. Mimi ni mtu wa kubakiza tu. Nina vipande vya mapazia ya watu waliokwisha kuhama nchi.

Alhamisi, alipotoka uani kukata majani ya vitunguu, nilivunja yai moja nikalikoroga humo ndani. Likapotea mara moja. Aliporudi alimimina, akasawazisha, akabonyeza, akafanya makosa yake yote kama kawaida, kisha akapitisha mwiko chini na kugeuza. Mkate ukageuka mzima. Ulikuwa wa rangi ya dhahabu, mviringo kama mfuniko. Akauweka kwenye sahani. Akaleta pimamaji akaiweka juu yake, akainama, akaangalia kile kiputo kinavyokaa katikati. Kisha akapiga mluzi, na mara ya mwisho kumsikia akipiga mluzi binti yetu alikuwa bado anakaa nyumbani.

"Hongera," nikamwambia.

Kesho yake alifunga robo ya mkate ule kwenye karatasi akaenda nao kazini. Aliporudi alinisimulia kwamba fundi umeme amekula na akaomba kuongezwa. Alisema sasa ameelewa siri yake, ni ule mkandamizo wa mwisho. Nikasema ndiyo, nimeona.

Usiku ule nililala macho nikiipiga hesabu ya Jumapili. Nisipotia yai, mkate utavunjika mbele ya mtoto, mbele ya macho yale yale yaliyouona ukianguka kutoka kwenye uma, na baba yake atasema neno, maana akiaibika huwa anasema neno. Nikitia yai, nitamlisha mwanangu kitu alichokikataa kwa miaka miwili, nikitumia mkono wa baba yake, ambaye angeapa mbele ya yeyote kwamba hakimo. Nilijua ni makosa. Nataka ieleweke kwamba nilijua. Jumapili asubuhi nilivaa gauni langu la kijani lenye mifuko mikubwa, nikalitoa yai la pili kwenye sanduku la nyuzi, nikalitia mfukoni.

Mume wangu alivaa aproni niliyomshonea kwa mabaki ya pazia, yenye maua makubwa mekundu. Alikoroga mapema. Nikasimama mlangoni mwa jikoni nikisubiri atoke uani kufuata majani ya vitunguu.

"Majani bado," nikamkumbusha.

"Nimeyakata tangu alfajiri," akasema.

"Na mkono umenawa?"

"Nimenawa."

"Nenda basi ukaangalie kama geti limefunguliwa."

"Limefunguliwa. Una nini leo?"

Sina kitu, nikasema. Mfuko ulikuwa mzito kama nimebeba tofali. Hodi ikapigwa.

Nikaenda kufungua. Binti yangu alikuwa amesimama pale, amekonda kidogo, ana miwani mpya, ana begi begani na mfuko wa machungwa mkononi. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumkaribisha. Sikuyapata. Nilimvuta nikamkumbatia kwa nguvu zote za miaka miwili, naye akanikumbatia, na katikati yetu kukasikika mlio mdogo mkavu. Kisha nikahisi ubaridi pajani.

Akarudi nyuma hatua moja. Tukatazama chini wote wawili. Doa lilikuwa likienea kwenye kitambaa cha kijani, na kitu cha manjano kikaanza kushuka taratibu kuelekea kwenye kiatu changu.

"Nini hicho, mama?"

"Yai," nikasema.

"La nini?"

Majibu nilikuwa nayo. Mshonaji hakosi kipande cha kuziba tundu. Ningeweza kusema jirani ameleta, au nimelikuta uani, au nimesahau. Lakini alinitazama kwa yale macho yake yanayotazama ndani ya macho ya watu kutwa nzima, na vipande vyote vikaniishia.

"La kutia kwenye chakula chako," nikasema. "Ili kisivunjike."

Nikageuka. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na maua yake mekundu, mwiko mkononi.

"Mayai tuliyatoa yote," akasema.

"Nilibakiza mawili."

"La pili liko wapi?"

"Alhamisi," nikasema.

Nilimwona akiikagua Alhamisi, kona kwa kona. Ilimchukua muda.

"Fundi umeme alikula," akasema.

"Najua."

"Niliwaambia ni mkandamizo."

"Najua."

"Kikulacho," akaanza, na hakumalizia. Haikuwa na haja. Mwisho wa methali ile ulikuwa ukichuruzika kwenye gauni langu. Akageuka akarudi jikoni.

Binti alikuwa bado hajaliteremsha begi lake. Nikamshika mkono.

"Usiondoke," nikamwambia. "Baba yako hakujua. Ni mimi. Yeye amehangaika na kabichi mwezi mzima, karatasi yako anatembea nayo kwenye mkoba kama cheti. Na ile ya siku ile msamehe, mwanangu. Mdomo wake haujui, lakini moyo—"

"Baba sikumkasirikia, mama."

Sikuelewa.

"Baba nilijua atasema neno," akasema. "Lazima aseme. Nilikuja siku ile nimejiandaa. Aliposema nikakutazama wewe, nikajua sasa utamwambia nyamaza, umwache mtoto. Ukacheka."

"Tulicheka wote. Wifi yangu ndiye—"

"Shangazi simhesabu. Nilikuwa nakutazama wewe. Na wewe ulikuwa unanitazama."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa namtazama. Niliiona furaha ikimtoka usoni, na nikacheka vivyo hivyo, kwa sababu meza ilikuwa inacheka na niliogopa itanyamaza. Halafu kwa miaka miwili, kila nilipomsimulia mtu kisa hiki, na hata hapa nilipoanza kukisimulia, nimesema tulicheka. Nimelitandaza kosa langu juu ya watu wote waliokuwa mezani mpaka likawa jembamba lisionekane. Mume wangu na mdomo wake alikuwa amekaa na swali lake la penseli akijiuliza kwa nini unabomoka. Mimi sikuwahi kujiuliza chochote. Nilikuwa natua sahani.

"Nilicheka," nikasema. "Mimi. Nilikuona na nikacheka. Nisamehe, mwanangu."

Akaliteremsha begi akaliweka juu ya cherehani, akaweka na machungwa.

"Nenda kabadilishe gauni," akasema. "Linanuka."

Nilipotoka chumbani nimevaa gauni lisilo na mifuko, niliwakuta jikoni wamenipa mgongo. Mkate ulikuwa umeshamiminwa, kabichi imesimama huku na huko, ina mabonde na vilima. Mume wangu alikuwa ameinua mwiko.

"Usiuguse, baba," binti akasema.

"Haujanyooka."

"Usinyooke. Ulinifundisha nini nilipokuwa nakaa juu ya ndoo? Lipu mbichi—"

"Haiguswi mpaka ishike," akasema baba yake, kwa sauti ya mtu aliyeshikwa na maneno yake mwenyewe.

"Basi."

Binti akaweka mfuniko. Mume wangu akaiweka mikono yake nyuma, akaifunga, akasubiri. Nimemwona akisubiri kuta maisha yake yote, lakini chakula sikuwahi kumwona akikisubiri. Baadaye binti akaitikia kwa kichwa, na baba yake akapitisha mwiko chini, akavuta pumzi, akageuza. Ukageuka. Ukingo mmoja ulimeguka, kipande cha vidole vitatu, lakini sehemu iliyobaki ilishika.

Akakitazama kile kipande.

"Pengo litaonekana," akasema.

"Acha lionekane," binti akamwambia.

Tukakaa mezani. Sosi nyeusi ilipakwa, majani yakanyunyizwa, na binti akapakuliwa kwanza. Mume wangu hakugusa chakula chake. Alimtazama mtoto akila kama anavyoutazama ukuta asubuhi ya pili, akitafuta nyufa.

"Vipi, mama?" akamuuliza binti yake.

"Mzuri, baba," akasema, akaendelea kula. Alikula kwa utaratibu, tonge baada ya tonge, mpaka akafika nusu.

Kisha mume wangu akanigeukia mimi.

"Na wewe?"

Swali hilo ameniuliza miaka thelathini na mmoja, na jibu langu limekuwa moja. Nikatia kipande mdomoni nikatafuna. Ndipo nikakumbuka kwamba siku ile sikuingia jikoni kabisa wakati akinawa mikono. Nilikuwa mlangoni na yai langu.

"Hauna chumvi," nikasema.

"Nimetia."

"Umetia chembe nne. Huwa naongeza mimi ukigeuka. Kila chakula, tangu tuoane."

Akauweka uma chini. Nilidhani atasimama aondoke, na nisingemlaumu. Kwa siku moja tu, mtu amenyang'anywa mkandamizo wake na mkono wake mzuri. Alinitazama muda mrefu, kisha akamtazama binti, ambaye alikuwa ameacha kutafuna.

"Hauna chumvi?" akamuuliza.

"Hauna, baba. Hata kidogo."

"Na umekula nusu."

"Nimekula," binti akasema.

Mume wangu akainuka akaenda jikoni. Tukasikia kabati likifunguliwa, halikulia, limekarabatiwa siku nyingi. Akarudi na kopo la chumvi, lile kubwa, akalifungua kifuniko, akaliweka mezani mbele ya binti yake na kijiko ndani.

"Tia upendavyo," akamwambia.

Binti akalitazama lile kopo. Akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Kisha akatia chumvi, akanisogezea, nikatia, nikamsogezea mume wangu. Yeye alichota kijiko kilichojaa akakimimina chote kwenye sahani yake, akakoroga kwa uma, akaanza kula akitazama mbele.

"Imezidi," nikamwambia.

"Najua," akasema.

"Jumapili ijayo nitapima mimi," binti akasema.

"Sawa, mama," akajibu baba yake, akala yote.